Neza Hakuzimika

Albina Merhar hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa akiwa amekaa. Ukienda nyumbani kwake pale Leadville ungekuta vikombe kila pembe: kimoja juu ya kuni, kimoja dirishani, kimoja kwenye kibanda cha uani, kahawa imeganda ndani yake mpaka ukikipindua haimwagiki. Mama yake, Mungu amrehemu, alisema mtoto huyu alizaliwa na siafu miguuni. Mumewe naye, siku anafungasha kushuka zake Denver, alimwambia, "Kuishi na wewe ni kama kuishi stendi ya mabasi." Albina alicheka, kisha akatoka kukwangua theluji kwenye gari la mume ili asichelewe kuondoka.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kusubiri umemtesa. Na kazi ya Albina ilikuwa kusubiri.

Alikuwa mmoja wa wale wanaotunza kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa ambayo programu nyingine zote huiomba ruhusa hata ya kukohoa. Kiini ni kikubwa kama mji, na kila mtaa una wenyewe. Mtaa wa Albina ulikuwa ule unaoshughulikia memori ya kompyuta inapoharibika. Maana memori huharibika, ni vile tu watu hawajui. Kutoka angani hunyesha chembe zisizoonekana, zinapita paa, zinapita kofia, zinapita fuvu, na mojamoja hugonga kijiti cha memori na kugeuza sifuri kuwa moja. Nchi za chini hewa nzito huzizuia nyingi. Leadville iko juu milimani mpaka wageni huishiwa nguvu wakipanda ngazi za hoteli. Hewa ni nyepesi na mvua hiyo hainyeshi kwa huruma. Ndiyo maana kampuni yake ya bondeni ilikubali kumlipa akae huko juu na rundo la seva, zile kompyuta za kazi nzito, ndani ya kibanda cha marehemu baba yake, akingoja zigongwe.

Hewa hiyohiyo iliyompa Albina kazi ndiyo iliyokuwa ikimuua kaka yake.

Stanko alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, karibu baba. Ujana wake wote aliumaliza mgodini, na kila Agosti alikimbia zile mbio za punda za mji, mwanamume na punda wake bega kwa bega mpaka kileleni na kurudi. Kisha mapafu yakagoma. Sasa alishinda jikoni kwa Albina, kwenye kiti chake cha kuegemea karibu na dirisha, mpira wa oksijeni puani, mashine ya oksijeni ikinguruma pembeni kama paka mzee. Daktari alishasema bila kuzunguka: shuka chini, nenda Pueblo, hapa unajimaliza. Binamu yao Francka alikuwa na chumba tupu huko, na alikuwa amekwisha nunua mapazia.

"Pueblo kuna joto, kuna mbu, na kuna Francka," alisema Stanko. "Siendi."

"Utakufa hapa, kaka."

"Kwani Pueblo hawafi?"

"Sikutanii mimi."

"Mimi je, nakutania? Baba kafia kitanda kile pale. Mama kafia kile pale. Sasa mimi nikafie kwenye mapazia ya Francka?"

Albina alizunguka meza mara kadhaa, akachukua kikombe, akakiacha. Mwishowe akasema, "Haya. Kama hushuki, basi nitakulinda. Pumzi yako nitaiangalia mimi mwenyewe, mchana kutwa, hata nikiwa kibandani."

Akaiangalia kweli. Alichukua seva moja ya zamani aliyoiita Neza, jina la punda jike wa mwisho wa baba yao, akaiweka kwenye rafu ya jikoni. Kipima oksijeni cha kidoleni akakiunganisha nayo kwa waya. Akaandika programu, ikamtoka kwa mchana mmoja: inasoma kipimo, na kikishuka chini ya pale aliposema daktari, inapiga kengele kibandani. Kengele yenyewe ilitoka kwenye shule iliyobomolewa. Siku ya majaribio mbwa wa mtaa mzima walibweka. Mbele ya Neza palikuwa na taa ya kijani iliyodunda kama mshipa, ikiwashwa na kiini chenyewe maadamu kiini kiko hai. Albina akatengeneza pacha wa taa hiyo kibandani, juu ya skrini yake.

"Nikiiona inadunda," alimwambia kaka yake, "najua uko salama."

"Unajua taa iko salama," alisema Stanko.

"Wewe nawe! Umezidi ubishi."

Sasa nieleze ugomvi wake na Renaud, maana bila huo hutaelewa kilichotokea.

Biti moja ya memori, yaani sifuri au moja ile, ikigeuka, hakuna kesi. Memori nzuri ina biti za ziada za ushahidi, inajisahihisha na kazi inaendelea. Zikigeuka mbili mahali pamoja, ushahidi unagongana: mashine inajua imedanganywa, ila haijui ukweli ulikuwa upi. Hapo inapiga yowe kwa kiini, na kiini kinatakiwa kuamua kabla ya kope kufumba. Ukurasa ule, yaani kipande kile cha memori, unatengwa, haugawiwi mtu tena. Kama haukuwa na mwenyewe, yameisha. Kama ipo nakala salama kwenye diski, inaletwa nakala. Kama ulikuwa mali ya programu fulani na nakala hakuna, programu hiyo inauawa palepale inapougusa, kabla haijala sumu na kuwatapikia wengine. Na kama ukurasa ni wa kiini chenyewe, kiini kinajiangusha kwa makusudi, mashine nzima chini, kwa sababu mashine iliyozimika angalau haisemi uongo.

Albina aliichukia hatua hiyo ya mwisho. Maisha yake ya kazi yote aliyatumia kuipunguza, kutafuta njia ya kumtoa mmoja ili mia wapone. Mistari mingi ya mtaa ule ni mkono wake. Hakuna kilichompa raha kama kuona seva imepigwa, imetoa mhanga mmoja, na inaendelea kuwahudumia waliobaki kana kwamba hapakutokea kitu. "Haijazimika!" angepiga kelele peke yake kibandani, akirukaruka na viatu vyake vya manyoya.

Renaud Thibodeau, wa Sherbrooke kule Quebec, alikuwa na mtaa jirani. Watu hawa hufanya kazi yao hadharani. Ukitaka kubadili kitu kwenye kiini unaandika kiraka, unakituma kwa barua pepe kwenye baraza lao, na yeyote duniani ana ruhusa ya kukisoma na kukichana. Kikipita, chini yake huandikwa majina: nani alikiandika, nani alikikagua, nani aliripoti hitilafu yenyewe, na kila jina lifuatwe na anwani ya barua pepe ya mtu kamili. Majina hayo hayafutwi. Watu wamezeeka na kuzikwa, majina yao bado yamo.

Mwaka huo Renaud alileta kiraka. Alitaka programu iweze kujitangaza kuwa mlinzi, na kiini kikilazimika kumuua mlinzi, kisinyamaze: kiiangushe mashine nzima, kwa kelele, ili binadamu aje kuangalia. Albina alikichana mbele ya baraza zima. "Kiini si yaya," aliandika. "Programu inayojiona muhimu ijifunze kupokea habari za msiba wake na kujipanga. Mashine yenye kazi mia haiwezi kufa kwa sababu mmoja amekufa." Watu walicheka, wakampa heko. Renaud alijibu mstari mmoja tu: "Sawa, dada. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu." Albina hakumjibu, na kiraka kikalala hapo kikingoja idhini yake, maana mtaa ni wake.

Usidhani walichukiana. Krismasi iliyotangulia Renaud alimtumia zawadi: kijiti kibovu cha memori, kimefungwa kwa karatasi nyekundu na utepe. Ninyi mtacheka, lakini kwa watu hawa memori nzima ni takataka ya kawaida, na mbovu ndiyo lulu. Hitilafu za kupandikiza wanazipandikiza kila siku kwa majaribio. Hitilafu ya kweli, iliyokuja yenyewe, haipatikani kwa kuitaka. Kijiti kinachougua mara kwa mara hutunzwa dawatini kama mbegu. Kikaratasi cha Renaud kilisema: "Huyu ni mgonjwa wa kweli. Mlee."

Albina alimlea vibaya. Jumapili moja ya Aprili seva zote za kibandani zilikuwa zimefumuliwa, na yeye alishikwa na hamu ya kumjaribu mgonjwa wake. Kungoja hadi Jumatatu? Labda mtu mwingine, si Albina. Akaingia jikoni, akamfungua Neza, akachomeka kijiti. "Muda mdogo tu," akamwambia Stanko, "halafu nakitoa." Neza akawaka, hakuna kilichotokea. Albina akaanzisha programu ya pumzi kwa mkono, pale kwenye kibodi, bila kuiwekea msimamizi wa kuifufua ikianguka. Angeiwekea baadaye. Kufumba na kufumbua, punda wa jirani akakata kamba.

"Albina! Punda wa Hensley huyo, anaelekea barabara kuu!" alipiga kelele Stanko dirishani, macho yakimng'aa kwa mara ya kwanza mwezi mzima. "Mzunguke kwa mbele! Usimfuate nyuma, atakupiga teke, wewe mtoto!"

Albina akatoka mbio bila koti. Alimshika punda kwenye kona ya kanisa, akamrudisha kwa mwenyewe, na njiani akapata wazo jipya kabisa kuhusu kurasa ambazo kifaa kimezishikilia na hazihamishiki. Wazo hilo likampeleka moja kwa moja kibandani. Kijiti kikabaki ndani ya Neza, na programu ikabaki bila msimamizi. Kama kijana mgeni angefanya hivyo kazini, Albina angemtafuna mifupa barazani. Lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Wiki zikaenda. Taa ikadunda.

Kisha ikafika siku moja ya Mei, theluji ya maji ikianguka tangu asubuhi. Stanko alikula kipande kinene cha potica, ule mkate wa kukunja wenye karanga ambao Francka huwatumia, akalalamika kwamba siku hizi anapunguza asali.

"Unaona?" alisema. "Asali tu anainyima, atanipa mimi hewa?"

"Hewa haitoi Francka. Hewa ya Pueblo ni ya bure."

"Ya bure haina thamani." Akafuta makombo kwenye ndevu. "Wewe mbona hukai? Kaa unywe kahawa na mimi kama watu."

"Nakuja, kaka. Kuna kitu nakiangalia kibandani mara moja."

"Mara moja yako naijua."

Alimpa chakula cha mchana, akamvisha kipima kidoleni, akamlaza kwenye kiti. Mpira wa oksijeni ulipita chini ya mkono wa kiti hadi puani. Stanko akafumba macho. Albina akavuka uani akiruka madimbwi.

Kibandani skrini moja ilipokea taarifa za mashine zake zote, mstari juu ya mstari, kutwa nzima. Nyingi ni porojo: diski ina joto, feni inachoka, biti moja imesahihishwa. Albina alikuwa amesimama, mguu mmoja juu ya sanduku, akiandika jambo jingine kabisa, jicho la pembeni likaona mstari mwekundu. Moyo ukamruka. Hitilafu ya memori isiyosahihishika. Ukurasa umetengwa. Programu imeuawa. Mashine imepona.

Imepona! Jicho lake lilikimbilia neno hilo la mwisho kama mtoto anavyokimbilia pipi. Hakuwa ameipandikiza yeye. Hii ilikuwa ya kweli, imetoka mbinguni au imetoka kwenye chuma kibovu, na mistari yake, ile aliyoiandika na kuitetea, ilikuwa imeikamata hewani. Akapiga makofi. Akazunguka kibanda. Akatazama juu ya skrini, na taa ya kijani ilikuwa inadunda vizuri kabisa, akaibusu kwa vidole.

Akaunakili mstari wote mzima, akamtumia Renaud. "Soma mwenyewe ndugu yangu! Imepigwa, imetoa mmoja, inaendelea. Haikuzimika! Kiraka chako kingeiangusha bure."

Kutulia ikawa hadithi. Alitaka kumwambia mtu mwingine. Alitaka kwenda kumwambia Stanko, akafika mlangoni, akafikiri mzee amelala, acha apumzike, akarudi. Alifungua barua nyingine, akaifunga. Alikunywa kahawa baridi ya jana. Alikuwa na furaha ile ya kuwasha mwili mzima, na aliifaidi, tusimnyime. Hakujua anafurahia nini.

Jibu la Renaud likaingia.

"Hongera sana. Lakini soma mwanzo wa mstari, siyo mwisho. Mashine ni Neza. Aliyeuawa anaitwa stanko-pumzi. Huyo si kaka yako?"

Albina alisoma. Akasoma tena mwanzo wa mstari wake mwenyewe, pale ambapo jicho lilikuwa halijatua. Kisha kiti kikaanguka, na mlango wa kibanda ukabaki wazi, theluji ikiingia juu ya seva.

Uani aliteleza, akaanguka kwa magoti, akainuka bila kiatu kimoja. Jikoni palikuwa kimya na pa joto. Mashine ya oksijeni ilinguruma kama kawaida yake. Neza alikuwa juu ya rafu, taa inadunda. Na Stanko alikuwa amejiegemeza nyuma usingizini, kiti kimelala, na chuma cha kiti kimeubana mpira ukawa bapa kabisa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Kidole chenye kipima kilining'inia, na namba kwenye kipima, ambayo hapakuwa na wa kuisoma, Albina hakutaka kuiangalia mara mbili.

"Kaka! Stanko! Stanko, amka!"

Alikisukuma kiti kwa bega, mpira ukafunguka. Akauvua, akafungua mtungi wa akiba hadi mwisho, akambana barakoa usoni. Akampiga mashavuni, yeye ambaye hajawahi kumwinulia kaka yake hata sauti. Simu akaishika kwa bega akipiga kelele jina la mtaa. "Vuta! Vuta, wewe mzee mbishi, vuta!" Na muda wote huo kengele ya shule ilikuwa imenyamaza ukutani kule kibandani, na taa ya kijani ilimdundia machoni, inapumua vizuri, haina habari. Albina aliichukia taa ile jinsi ambavyo hajawahi kumchukia mtu.

Stanko akakohoa. Kikohozi kibaya, kirefu, kizuri kuliko wimbo.

Hospitali haikuwa mbali. Walimweka siku kadhaa, na Albina, ambaye hakuwahi kukaa, alikaa. Alikalia kiti cha plastiki mpaka mgongo ukafa ganzi. Wauguzi walimletea chai, akainywa yote ikiwa ya moto. Hakulia. Alikuwa akijiambia maneno ambayo siyaandiki.

Stanko alipopata sauti alimwita kwa kidole.

"Kengele haikulia," alisema.

"Haikulia, kaka."

"Mashine ilizimika?"

Angeweza kumwambia ndiyo, ingekuwa rahisi kwa wote wawili. "Haikuzimika. Kijiti kibovu nilikisahau mimi ndani yake. Ilipopatwa na hitilafu ilifanya kila nilichoifundisha. Ilimuua yule aliyekuwa akikuangalia, ili yenyewe iendelee na kazi."

Barakoa ya Stanko ilifanya ukungu, ukafutika.

"Kazi gani?" akauliza. "Kwani ilikuwa na kazi nyingine?"

Miaka yote Albina alikuwa na jibu kwa kila mtu wa baraza, kwa maprofesa, kwa kampuni kubwa zenye majengo ya vioo. Mmoja afe, mia wapone. Lakini pale rafuni jikoni hapakuwa na mia. Palikuwa na huyo mmoja tu.

"Haikuwa na nyingine," alisema.

"Basi uifundishe upya," alisema Stanko, akafumba macho. Kisha akaongeza, bila kuyafumbua, "Na umpigie Francka. Mwambie ayatoe hayo mapazia, nitaleta ya mama."

Walishuka mwezi wa Juni. Albina hakumpeleka akarudi, kama Stanko alivyodhani. Alichukua chumba cha juu hapohapo kwa Francka. Seva zilibaki kibandani Leadville, akiziangalia kwa mbali, na kila akipata nafasi hupanda kwa gari kwenda kuzipapasa. Pueblo memori haigongwi kama kule juu. Mashine alizoleta huko zinaweza kukaa wiki na wiki bila hata biti moja kuteleza, na yeye hutembea chumbani mpaka Francka hugonga dari kwa ufagio. Analipa, na anajua analipa nini.

Wiki ya kwanza tu alikifungua kile kiraka cha Renaud. Hakubadilisha kitu ila kosa dogo moja la nafasi kati ya herufi, maana hawezi kuacha. Akaandika barazani, mbele ya wale wote waliocheka: "Niliposema kiini si yaya nilikosea. Ninakipitisha." Kisha chini ya jina la mwandishi na la mkaguzi akaongeza mstari wa aliyeripoti hitilafu. Mstari huo haukubaliki bila anwani, na Stanko maishani mwake hakuwahi kuwa na barua pepe.

"Ya nini sasa?" aliuliza kutoka kwenye kiti chake kipya, mpira puani, mapazia ya mama yao dirishani. Alikuwa na rangi, na alikuwa ameanza kumtukana Francka kwa pumzi nzima.

"Jina lako linaingia kwenye kiini. Wewe ndiye uliyeripoti."

"Mimi? Nimeripoti nini? Nilikuwa nimelala."

"Uliripoti, kaka. Wewe nyamaza tu, nakufungulia."

Kiraka kikatoka. Na kama ilivyo desturi, siku hiyohiyo akajitokeza mtu wa mbali asiyemjua yeyote kati yao, mwenye adabu zake, akamwandikia aliyeripoti swali ambalo kila aliyeripoti huulizwa. Albina alilisoma kwa sauti. Alianza vizuri. "Ndugu Stanko, asante kwa taarifa yako. Je, hitilafu hiyo unaweza kuirudia, ili nasi tuithibitishe kwenye mashine zetu?"

Hakulia jikoni, hakulia hospitali, akalia mbele ya swali la mtu mwema ambaye hakuwa amemkosea kitu. Alilia kwa mabega, kama mtoto. Stanko hakumzuia. Alingoja, maana yeye kungoja alikuwa anakujua, na dada yake alipopunguza akamsogezea kikombe cha kahawa.

"Kaa kwanza," alisema. "Haya, mjibu. Mwambie hairudiwi."

"Watauliza kwa nini."

"Mwambie mashine iko moja tu," alisema Stanko, akijigonga kifuani.

Albina akajifuta pua kwa kiganja, akaandika hivyohivyo, akatuma.